Hofu ya kuomba kazi si uvivu, na dawa yake ipo

Katika nyumba nyingi za mitaa yetu, kuanzia Umoja na Kayole jijini Nairobi hadi Changamwe kule Mombasa, utamkuta kijana aliyemaliza chuo mwaka mmoja au miwili iliyopita, na ambaye vyeti vyake vimetunzwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Wasifu wake umekwisha kuandikwa. Barua ya maombi ya kazi imepigwa chapa na nakala zake zimetolewa. Lakini barua yenyewe haiendi popote. Leo anasema mvua inanyesha, kesho anasema simu yake haina chaji, na kesho kutwa anasema nafasi ile bila shaka imekwisha kupewa mtu. Mzazi akimtazama hujisemea moyoni, "Kumbe nimesomesha mvivu!"

Maoni yangu ni kwamba mara nyingi mzazi huyo hukosea, na kosa lake laweza kumgharimu mtoto afya yake. Mvivu hulala usingizi mnono. Kijana tunayemzungumzia halali. Usiku huisoma ile barua mara kumi akitafuta makosa, na asubuhi huiona haifai tena. Huyo si mvivu, bali ni mtu mwenye hofu, na anachokihofia ni kuambiwa "hapana". Hofu, tofauti na uvivu, ni jambo la mwili na akili. Ina sababu zake, dalili zake na tiba yake, na ndiyo maana inastahili kujadiliwa katika kurasa za afya na si katika zile za nafasi za kazi peke yake.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya watu walioshiba, kwa kuwa taabu ya vijana wetu si woga bali ni ukosefu wa kazi na ule ugonjwa wetu wa kujuana. Ni kweli. Ujasiri wa mwombaji haujengi kiwanda, wala haumwondoi mpwa wa mkubwa kwenye kiti alichowekewa. Lakini nafasi zikiwa chache, ndivyo inavyozidi kuwa hasara kubwa kijana kujikataa mwenyewe kabla ya mwajiri kumkataa. Isitoshe, hata anayeamua kwenda kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji akajifunze kufua mabati, sharti kwanza amkabili fundi na kumwomba ampokee. Hakuna njia ya kuingia katika kazi ya kwanza isiyopitia kwenye kuomba.

MWILI HAUJUI BARUA

Hebu tuanze na mwili. Mwaka wa 1915, mtaalamu wa Marekani aitwaye Walter Cannon alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mwili wa mnyama aliyetishwa unavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda kwa kasi ili upeleke damu kwenye misuli, pumzi hukazana, tumbo husimamisha kazi yake, kinywa hukauka na viganja hutokwa jasho. Haya ni maandalizi mema sana kwa mtu aliyekutana na nyati njiani.

Taabu ni kwamba mwili huo huo hautofautishi nyati na meneja. Kijana anapoukaribia mlango wa ofisi, au anapotaka kubonyeza kitufe cha kuituma barua pepe, mwili wake waweza kuamka kana kwamba maisha yake yamo hatarini. Hapo ndipo anapohisi tumbo likimvuruga, koo likimkauka na maneno aliyoyakariri yakimtoroka. Naye, kwa kuwa hakuna aliyemweleza, huziona dalili hizo kuwa ni ushahidi kwamba hafai. La hasha! Ni ushahidi kwamba tezi zake zinafanya kazi kama zilivyoumbwa. Hata watu waliozoea kusimama mbele ya umati huhisi hivyo hivyo, ila wao wamejifunza kwamba hali hiyo hupita baada ya dakika chache.

Na tusiseme kwamba maumivu ya kukataliwa ni ya kujitakia. Mwaka wa 2003 wataalamu watatu, Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams, waliandika katika jarida la Science habari za uchunguzi waliowafanyia watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Katikati ya mchezo, mchezaji alianza kunyimwa mpira. Picha za ubongo zilizopigwa wakati huo zilionyesha kwamba sehemu mojawapo ya ubongo inayohusika na uchungu wa mwili nayo ilichangamka. Waliochunguzwa walikuwa watu 13 tu, na wataalamu wangali wakibishana juu ya maana kamili ya matokeo hayo, kwa hivyo tusiyachukue kama neno la mwisho. Hata hivyo, yatosha kutuonya tusimcheke mtu aliyenyimwa mpira. Ikiwa mchezo tu waweza kumuuma mtu mzima, sembuse kijana ambaye mlo wa nyumbani kwao unangoja jibu la barua yake? Maji ya kifuu, kwa chungu ni bahari.

NAFUU INAYODANGANYA

Sasa tazama jinsi hofu inavyojilisha yenyewe. Kijana anatoka nyumbani saa mbili asubuhi akiwa na bahasha yake. Anafika Eneo la Viwanda, anaikaribia kampuni aliyoikusudia, na kwenye lango anasoma kibao kilichoandikwa "Hakuna Kazi". Moyo unadunda. Anageuka. Akishafika kituo cha matatu, moyo umetulia na anahisi nafuu kubwa.

Nafuu hiyo ndiyo sumu yenyewe. Ubongo umejifunza somo moja tu: kwamba kugeuka kumemwokoa. Kesho lango lile litamtisha zaidi ya leo, na kesho kutwa hata ile barabara haitapitika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini huyu hajaumwa na nyoka yeyote, ameogopa unyasi na kukimbia kabla hajaangalia kama nyoka yumo. Laiti angalimsalimu mlinzi na kumwambia, "Habari ya asubuhi, mzee. Nimekiona kibao, lakini naomba kuacha barua kwa ajili ya nafasi zitakazopatikana baadaye," huenda angaliambiwa "hapana" na mambo yangaliishia hapo. Lakini angalirudi nyumbani akiwa amejifunza jambo ambalo hakuna mtu awezaye kumfundisha kwa maneno: kwamba "hapana" huuma, na kwamba mtu akishaambiwa neno hilo bado hupanda matatu akarudi kwao mzima.

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Naiheshimu methali hiyo, lakini iliwafaa watu waliokuwa wakienda vitani, si waliokuwa wakipeleka barua. Katika utafutaji wa kazi, mwoga ndiye anayebaki na kilio.

BANDU BANDU HUISHA GOGO

Tiba ya hofu ya namna hii imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka wa 1924, mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto aliyeitwa Peter, mwenye umri wa karibu miaka mitatu, ambaye alikuwa akiogopa sungura. Bi Jones hakumsukuma mtoto yule juu ya sungura, wala hakumhubiria kwamba sungura hana meno ya kuogopwa. Alimpa chakula alichokipenda, na huku mtoto akila, sungura aliletwa akawekwa mbali. Kila mara alisogezwa karibu kidogo, almuradi mtoto asipoteze utulivu wake. Mwishowe Peter aliweza kumpapasa sungura kwa mkono wake.

Miaka mingi baadaye, Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliieleza njia kama hiyo katika kitabu chake cha 1958, akaifanya kuwa tiba ya watu wazima. Mgonjwa huyapanga mambo anayoyaogopa kama vidato vya ngazi, kuanzia dogo hadi kubwa, kisha huyapanda moja baada ya jingine akiwa ametulia.

Anayetafuta kazi ya kwanza anaweza kujitengenezea ngazi yake mwenyewe bila kulipa hata senti moja. Kidato cha kwanza, amsomee rafiki anayemwamini wasifu wake kwa sauti. Cha pili, apige simu kwenye ofisi yoyote aulize tu kama wanapokea barua za maombi na zinaandikwa kwa nani. Cha tatu, apeleke barua kwenye biashara ndogo ya mtaani kwao, kama vile duka la dawa, shule ya chekechea au kiwanda cha maandazi, hata kama si kazi anayoiota. Cha nne, amwombe mtu mzima wa kanisani, msikitini au wa chama cha mama yake amketishe na kumhoji kama mwajiri, bila huruma. Cha tano, ndipo aombe ile kazi anayoitaka kwa moyo wote.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna kidato kinachopandwa mara moja tu. Apige simu ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka siku atakapogundua kwamba kiganja hakikulowa. Hapo ndipo apande kingine. Na moyo ukianza kwenda mbio akiwa kwenye chumba cha kungojea mahojiano, avute pumzi taratibu kwa pua, kisha aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta, kwa dakika mbili au tatu. Pumzi inayotoka polepole huusaidia moyo kupunguza mwendo. Aende akiwa amekula na asijaze tumbo kahawa, maana kahawa huuongezea mwili mchangamko ambao tayari umezidi.

Vile vile asijikate kabla ya kukatwa. Vijana wengi huliacha tangazo la kazi wakishasoma maneno "uzoefu wa miaka miwili". Lakini mazoezi ya kazini aliyoyafanya wakati wa masomo ni uzoefu. Kufundisha kwa kujitolea katika shule ya kijijini ni uzoefu. Kuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana, au kusimamia kibanda cha mama na kupiga hesabu zake kila jioni, pia ni uzoefu, madhali mtu anaweza kueleza ni nini alichokifanya na kilileta faida gani. Mwajiri ataamua mwenyewe kama unatosha. Kwa nini mwombaji amfanyie mwajiri kazi ya kumkataa?

KAZI YAKO NA KAZI YAO

Anayetaka mwalimu wa jambo hili na amtazame utingo wa matatu. Anasimama kituoni akiita abiria wa Kawangware. Mmoja anapita bila kumtazama, wa pili anatikisa kichwa, wa tatu anamwambia nauli yake ni ghali. Hata wakikataa 30, utingo hajioni kuwa mtu asiyefaa. Anamwita wa 31 kwa sauti ile ile. Hii si kwa sababu ana moyo wa chuma. Ni kwa sababu anajua kwamba kuita ndiyo kazi yake, na kupanda ni uamuzi wa abiria. Abiria aliyekataa huenda anakwenda Ngong, au hana nauli, au yuko karibu na kwake. Hakumkataa utingo.

Ndivyo ilivyo katika maombi ya kazi. Kuomba ni kazi yako, kujibu ni kazi yao. Hebu tupige hesabu nyepesi. Ikiwa nafasi ni moja na waombaji ni 200, basi 199 lazima wakose, hata kama wote wangekuwa na akili kama ya Mfalme Suleimani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 katika nchi hii, na katika kila wanne, watatu walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Foleni kwenye mlango wa kazi ni ndefu kwa sababu hiyo, na aliye ndani ya foleni hakuisababisha. Mara nyingine barua haikusomwa kabisa, mara nyingine nafasi ilikuwa na mwenyewe kabla ya kutangazwa, na mara nyingine kampuni iliishiwa na pesa. Kukataliwa kwa barua si kukataliwa kwa mtu.

Kwa hivyo ningemshauri kijana anunue daftari dogo na ahesabu kile kilicho chini ya uwezo wake. Badala ya kuandika "sijapata", aandike "juma hili nimepeleka barua nne, nimepiga simu sita". Ajiwekee idadi, na akishaitimiza siku ya Ijumaa ajue kwamba amefanya kazi yake ya juma zima. Na kila "hapana" inayokuja na sababu, aitazame kama fundi anavyotazama kifaa kilichovunjika: je, kuna la kurekebisha? Likiwapo, alirekebishe. Lisipokuwapo, aendelee. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mapema katika miaka ya 1930, Marie Jahoda na wenzake walikichunguza kijiji cha Marienthal huko Austria, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila mtu akabaki bila kazi. Walitarajia kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, kumbe vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua. Wanaume walitembea polepole na kusimama kila mara njiani, na walipoulizwa walivyoitumia siku, wengi hawakuweza kukumbuka mambo mengi. Siku isiyo na mpango humla mtu. Kijana asiye na kazi yafaa aamke saa ile ile kila siku, aoge, avae, na awe na saa zake maalumu za kutafuta kazi na saa nyingine za kupumzika bila kujilaumu.

WAZAZI WA ZAMA NYINGINE

Kwenu wazazi nina ombi moja. Wengi wenu, au wazazi wenu, mlipata kazi zama ambazo kazi ilikuwa ikimtafuta mtu. Baada ya Uhuru mwaka wa 1963, ofisi zilihitaji Waafrika wa kuchukua nafasi zilizokuwa zimeshikwa na wageni, na aliyemaliza kidato cha nne hakukaa sana nyumbani. Mwalimu aliyehitimu chuo alikuwa na hakika ya kupangiwa shule, mpaka serikali iliposimamisha utaratibu huo mwaka wa 1998. Mtu aliyepewa barua ya kazi kabla wino wa cheti chake haujakauka hawezi kujua ilivyo kwa aliyeomba mara 60 bila kujibiwa hata mara moja. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Kwa hivyo, jioni mtoto anapoingia, msimwulize, "Je, leo umepata?" Swali hilo lina majibu mawili tu, na moja wapo ni aibu. Ataanza kurudi usiku mkikwisha kulala, kisha ataanza kusema uongo, na mwishowe ataacha kutoka. Mwulizeni, "Leo ulifika wapi? Walikupokeaje?" Hapo atakuwa na la kusimulia, hata kama ni habari za mlinzi aliyemfukuza, na pengine mtacheka pamoja. Wala msimtajie mtoto wa jirani aliyepata kazi bandarini au benki. Anamjua, na amekwisha kumfikiria usiku kucha.

WAAJIRI NAO WANA SEHEMU YAO

Waajiri nao hawana budi kuambiwa ukweli. Matangazo mengi ya kazi humalizika kwa maneno yale yale, kwamba ni wale tu watakaoteuliwa ndio watakaojulishwa. Maana yake ni kwamba mtu aliyetumia nauli na siku nzima kuandaa barua hataambiwa lolote. Jibu la "hapana" huuma kwa siku mbili, lakini kimya huuma kwa miezi, kwa sababu mwombaji hajui kama angoje au aondoke. Kampuni isiyo na karani wa kujibu barua 1,000 yaweza walau kuandika kwenye tangazo, "Usiposikia kutoka kwetu kufikia tarehe fulani, jua kwamba nafasi imechukuliwa." Sentensi hiyo haigharimu kitu.

Waajiri pia waikumbuke sheria. Mwaka wa 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asimdai mwombaji vyeti vya kuidhinishwa, kama vile cheti cha polisi cha maadili mema, isipokuwa pale anapokusudia kumwandikia mkataba wa kazi. Anayeendelea kudai rundo la vyeti kutoka kwa kila anayeomba anawatoza vijana pesa za kukataliwa. Nanyi vijana, msiache kuomba kazi kwa sababu tu hamjavilipia vyeti hivyo.

DAWA ZA UONGO

Mtu aliyechoka kuambiwa "hapana" huwa tayari kuinunua "ndiyo". Hapo ndipo matapeli wanapompata. Anayekudai pesa "za kuandikisha jina", au anayekutaka mkutane gestini ili akusaidie, hana kazi ya kukupa. Kazi halali haianzi kwa mwombaji kumlipa mwajiri. Ukipelekwa kwa wakala, uliza kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na ukimkataa tapeli, ujihesabie ushindi, kwa maana safari hii ni wewe uliyesema "hapana".

Wapo pia wanaojitibu wenyewe. Wengine hutafuna miraa usiku ili wapate ujasiri wa asubuhi, kumbe miraa huuongezea moyo kasi na kumnyima mtu usingizi, yaani huzidisha yale yale anayoyakimbia. Wengine hupiga glasi mbili tatu za pombe. Pombe hutuliza kwa saa chache, kisha hofu hurudi asubuhi ikiwa na nguvu zaidi, na harufu nayo humtangulia mtu ofisini. Vidonge vya kutuliza mishipa visinunuliwe dukani bila daktari, maana baadhi yake humfanya mtu kuwa mtumwa wake.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Hofu ya kawaida huja mtu anapokaribia mlango, na hupungua kadiri anavyozoea. Lakini ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili kijana amekuwa na huzuni karibu kila siku, halali au analala mchana kutwa, ameacha kula, haoni raha ya jambo lolote, au anasema kwamba heri asingezaliwa, hiyo si hofu ya barua tena. Apelekwe hospitali iliyo karibu akamwone daktari au mshauri, bila kungoja na bila aibu. Si kila anayeutibu moyo wake hupelekwa Mathari, na hata anayepelekwa huko ni mgonjwa kama mwingine yeyote. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyolipiwa, 1199, ambayo mtu anaweza kupiga akazungumza na mshauri. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata kwa saa moja.

Kwa wengine wote, ambao ndio wengi, shauri langu ni hili. Usingoje hofu iishe ndipo uombe kazi, kwa kuwa haitaisha ukiwa umeketi. Hofu ya mto humwishia mtu akiwa tayari amelowa miguu. Iteremshe ile bahasha kutoka juu ya kabati, uchague kidato kimoja kidogo unachokiweza juma hili, na ukipande. Ukiambiwa "hapana", andika kwenye daftari, unywe chai, na Jumatatu uamke saa ile ile. Nawe mzazi, usiku huo ukimwona ameandika, mpe pole ya kazi, kwa sababu siku hiyo amefanya kazi.